Mlango wa Jikoni kwa Nabintu

Kataliko alijifunza ufundi kwa kutazama video. Akirudi kutoka kiwandani anajinyoosha kwenye kochi, anawatazama Wamarekani wakibomoa nyumba zao huku wanacheka, na siku moja akarudi na nyundo. Nyumba yao iko Lackawanna, kusini mwa Buffalo, huku kwa hao hao Wamarekani, nyumba ya zamani yenye vyumba vidogo vidogo. Mkewe Nabintu anahudumia wazee siku tano kwa wiki, anawaogesha na kuwalisha, na hakuwa na ugomvi wowote na vyumba vidogo.

"Donc, hii ukuta ya jikoni tunaitosha, tunaibomoa," Kataliko akamwambia. "Nyumba inakuwa moderne."

"Na miye nitapikia wapi?"

"Hapo hapo tu! Batu batakuwa banakuona."

Huko kuonekana ndiko kulikotuponza. Kila Jumamosi sisi wanawake rafiki zake tulijazana jikoni kwa Nabintu, mlango umefungwa, wanaume wako sebuleni na mpira wao. Tulipika sombe ya majani ya muhogo, tukakaanga visamaki vya sambaza, na midomo haikupumzika. Wiki nzima kazini ni "yes" na "thank you". Kwa Nabintu ndipo mtu alipofungua moyo, na neno lililosemwa mle halikuvuka mlango.

Basi ukuta ukaanguka. Sikatai, kulipendeza: makabati meupe, taa za kuning'inia, na katikati meza ya jiwe ambayo Kataliko aliipangusa kila mgeni alipoingia. Mlango wa zamani akauweka gereji, kwenye banda la gari.

Jumamosi ya kwanza Umuhoza, mmoja wetu, alininong'oneza tukiwa bado nje. Mumewe, Kwizera, alitaka kuihamishia familia mji wa mbali, Louisville, kuna kazi ya ghala. Yeye hakutaka, na alikuja kutuuliza afanye nini. Tukaingia, tukapanda viti virefu vya ile meza ya jiwe, miguu inaning'inia. Kwizera naye yuko pale pale kwenye kochi, anatutazama. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno, ila inategemea hao wengi ni nani. Umuhoza akala, akasema sombe ni tamu, akaenda zake na swali lake.

Wiki iliyofuata huyu ana mafua, yule ana mgeni. Umuhoza hakupokea simu. Nabintu akanipigia akilia.

"Dada Dorcas, banaacha kuja. Niko na jikoni ya bazungu, lakini haina batu."

Nilipandwa na hasira, nikataka kumpigia Kataliko nimpe vidonge vyake. Kisha nikakumbuka kile chumba cha chini ya nyumba. Mzee Mpolandi aliyewauzia nyumba aliacha huko jiko la gesi, kuukuu lakini zima, na Nabintu alikuwa akirundika nguo chafu juu yake. Nikaenda, mimi na Nabintu tukalisugua, likawaka. Umuhoza nilimfuata mwenyewe kwa gari, sikumpa nafasi ya kukataa.

Kule chini, katikati ya moshi wa sambaza, alilia hadi kamasi zikamtoka. "Louisville sina mtu," akasema. "Hapa nina ninyi. Lakini nikimwambia hivyo, atasema simheshimu."

Juu, wanaume walikuwa wamebaki na makabati meupe na njaa. Harufu ikawafikia. Tukasikia viatu kwenye ngazi, na Kataliko akatokea, sahani mkononi, tabasamu hadi masikioni. Umuhoza akaficha uso kwenye kitenge.

"Papa Séphora," Nabintu akamwambia mumewe polepole, "ulikuwa unapiga hodi zamani."

"Bon, lakini hapa haiko mlango."

"Nani alitosha mlango?"

Kataliko akamtazama mkewe, akamtazama Umuhoza, tabasamu likamwisha. Akapanda ngazi bila chakula. Nilimwonea huruma, nisiseme uongo, lakini si sana.

Jumamosi iliyofuata tulimkuta chini ya ngazi amepiga magoti, anapigilia bawaba. Ule mlango wa jikoni aliouweka gereji alikuwa ameukata kidogo ukaenea. Tukampita, tukawasha jiko. Akaufunga, yeye akiwa upande wa nje, akaujaribu.

"Hodi," akaita. "Hodi, bamama!"

Tukamwacha asubiri. Umuhoza ndiyo kwanza alikuwa anatusimulia alivyomwambia Kwizera kwamba yeye hahami.