Ngazi za Ukumbi wa Sendofu

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku ya sendofu ya ndugu yangu Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Nakuita mwanangu kwa sababu mimi ni shangazi yako, ingawa tumepishana miaka michache tu na unapenda kunicheka kwamba nazeeka kwa mawazo. Cheka, lakini nisikilize. Kesho unaanza kujifunza uashi, na sitaki uushike mwiko kabla hujalijua jambo hili.

Kwetu, mama wa bibi harusi huingia ukumbini mbele ya wanawake wenzake, wamevaa sare, wanacheza. Bibi yako Agnes, mama yake Neema, hatembei; anatumia kiti cha magurudumu. Wiki nzima kule kwetu Ihanja alifanya mazoezi ya kucheza kwa mabega, akina mama wakisukuma kiti na kucheka. Alilitaka jambo moja tu: aingie hivyo, amwekee binti yake mkono kichwani mbele ya watu.

Tulipofika ukumbini Singida Mjini, mlangoni tukakuta ngazi tupu. Ndefu, za vigae vinavyong'aa. Mteremko wa kupandishia kiti haukuwepo popote, na ndani muziki ulishaanza. Sijakaa sawa, mjomba Petro na vijana wake wakamnyanyua bibi yako, huyu kashika miguu, yule kwapani. Kiatu kikadondoka. Kitenge kikapanda juu ya magoti. Mshereheshaji akatangaza, "Makofi kwa mashujaa wetu!"

Na watu wakapiga makofi, mwanangu. Walipiga makofi!

"Niweke chini, Petro," bibi yako akasema.

"Dada, tunakusaidia. Watu wanasubiri."

"Nani kakuomba? Hata mbuzi mnadani unauliza bei kabla hujamnyanyua. Mimi leo ndiye mama wa shughuli, siyo gunia la alizeti. Niweke chini!"

Muziki ukazimwa. Petro si mtu mbaya. Sisi mtu akikwama tunamkimbilia, tunaona kuuliza ni kuchelewesha wema. Wakamrudisha kwenye kiti chake, chini ya ngazi. Mmoja akataja mlango wa nyuma, wa kupitia jikoni. Bibi yako akatikisa kichwa kukataa. Nikajua Neema ataondoka bila mkono wa mama yake.

Ndipo Neema akatokea mlangoni. Akavua viatu, akashuka na gauni lake lote, akapiga magoti kwenye vumbi katikati ya bodaboda zilizoegeshwa. Bibi yako akamwekea mkono kichwani pale pale, akambariki huku analia. Wageni wakatoka, wakawazunguka. Keki ilibaki ndani peke yake.

Mpaka leo nikifika jengo lolote, naangalia mlango kabla sijaangalia watu. Labda nawaza kupita kiasi. Lakini aliyejenga ukumbi ule hakuwaza kabisa.

Basi, mwanangu, siku utakayopima msingi, pima na mteremko. Mteremko huo usiwe mkali, kiti kipite bila kugusa ukuta, na pikipiki isiegeshwe hapo. Ukimkuta mtu amekwama, mpe shikamoo yake kwanza, kisha umuulize asaidiwe vipi. Akikataa, rudisha mkono wako.

Mungu akupe mikono imara na macho ya kuona mapema. Na ukumbi wa kwanza utakaoujenga, bibi yako aingie mbele ya wote, mabega yakicheza, na asiwepo wa kumbeba.