Orodha ya Maalim Nduwayo

Maalim Yahya Nduwayo alianza kuchoka mwaka 1990, vita vilipowaka kule kaskazini, na mpaka Novemba ile ya 1993 hakuwa amepata hata siku moja ya kuchoka kwa raha zake. Mtaa mzima wa Biryogo ulimtumia kama jembe la kuazima. Harusi, yeye. Maziko, yeye. Jirani Mkristo akipata wageni Waislamu, anamnyanyulia kuku juu ya ukuta: "Mwalimu, nichinjie haraka, maji yamechemka!" Wake za wanajeshi walitoka kambi ya Kanombe kuja kuomba kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha zikaoshwa, ili waume zao wanywe na risasi ziwapite pembeni. Mwenye baa mmoja wa Gisimenti alitaka dua ya wateja.

"Nikuombee watu walewe?"

"Hapana, Mwalimu. Wewe omba waje. Kulewa niachie mimi."

Kazi aliyoipenda ilikuwa moja tu, chuo chake cha Kurani: chumba cha udongo, bati linalovuja, watoto arobaini na mmoja na mbao zao za kuandikia kwa wino wa masizi. Kila mwaka alifungua daftari lenye safu mbili, jina la mtoto na sura aliyofikia. Zaidi ya hapo hakutaka kujua. Hata hizo mbili zilimchosha.

Jumatatu moja akaja Nzeyimana, konseye, yaani diwani wa sekta, Mwislamu naye siku za Idi, na karatasi yenye safu tatu. Ya tatu ilikuwa ubwoko: kila mtoto aandikwe Mhutu, Mtutsi au Mtwa.

"Ijumaa nakuja kuichukua, Mwalimu. Usipojaza, nafunga chuo."

"Ya nini?"

"Wakubwa wanataka."

"Wanaitakia nini?"

Konseye akatazama viatu vyake. "Wewe jaza tu."

Maalim alishaona orodha za namna hiyo ujanani mwake. Baadhi ya watu waliokuwa ndani yake aliwaosha kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kuwazika.

"Danganya," mkewe Mukandekezi alimwambia. "Andika wote kabila moja, yaishe."

"Miaka thelathini na mitano nawachapa watoto kwa uongo, leo nianze mwenyewe? Kwa mgongo huu?"

Alhamisi baada ya alasiri akakaa na kalamu. Majina arobaini na moja. Safu ya tatu akaijaza kama mkono wake ulivyozoea.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, konseye aliingia chuoni akaisoma akiwa amesimama. "Mutesi, Yasin. Rwema, Al-Fil... Hii iko nini?"

"Ndivyo tunavyowagawa watoto hapa, kwa sura. Sina namna nyingine."

"Unanichezea, Mwalimu!"

"Nina nguvu za kucheza mimi?" Maalim akavuta daftari kuukuu lililoliwa na mende. "Hili la 1962. Nzeyimana mwana wa Idi. Al-Fil. Ametoroka dirishani."

Watoto wakaangua kicheko. Konseye akawaka. "Waulize sasa hivi, mmoja mmoja, nami naandika!"

Maalim akawatoa watoto wote uani, akarudisha mlango, akakaa kwa kuguna.

"Haya. Nianze na Mutesi na Rwema?"

Hao wawili walikuwa watoto wa marehemu dada ya mke wa konseye, na walilala nyumbani kwake tangu baba yao alipochukuliwa mwaka 1990 asirudi. Kila mtu alijua kuwa mbele ya majina yao ingeandikwa Mtutsi. Biryogo, inayotangaza hadi nani amekopa chumvi, jambo hilo ililimeza.

Konseye alikunja karatasi, akaichana mara nne, akaitia mfukoni.

"Nitasema ulikataa. Nitasema nimekufungia chuo. Lakini kufuli nitaweka kweli, lazima waione."

"Weka."

"Hutakasirika, Mwalimu?"

"Nitalala."

Akalala kweli. Jumamosi saa tatu asubuhi bado alikuwa amejifunika shuka mpaka puani, mvua inapiga bati, akajiona amekwisha kuingia peponi bila kupitia kaburini. Mlango ukagongwa. Mutesi na Rwema walisimama kizingitini, mbao juu ya vichwa kujikinga na mvua, na nyuma yao wenzao wamejaa uani, wakilowana.

"Baba ametutuma," Mutesi alisema. Konseye walimwita baba. "Amesema chuo kimefungwa, kwa hiyo tuje huku."

Mukandekezi alicheka hadi akashika ukuta. "Likizo yako hiyo, mzee!"

Maalim alitafuta miwani, akaikuta imekaliwa, akaivaa hivyo hivyo, upande.

"Rwema, umefikia wapi?"

"Al-Fil, Mwalimu."

Maalim aligeuka akalitazama dirisha la sebule. Dogo, lina nondo. Akashusha pumzi.

"Soma."