Alama za Shufaa

Kwa miaka ishirini na mitatu, hakuna mwanamke wa mji wa Dunda aliyezikwa bila kupita mikononi mwa Bi Mwanvita. Alikuwa mwosha hodari, na kinywa chake hakikuvuja. "Ya maiti husitiriwa," aliwaambia aliowafunza kazi, hasa Lulu, aliyekuwa mwepesi wa kushtuka.

Hata maiti ya Shufaa, mke wa Shamsudin, aliisitiri. Siku ile Lulu alikuwa akimimina maji. Mwanvita akamtoa nje, kata mkononi, akaosha peke yake, kwani chini ya ubavu wa kushoto na nyuma ya sikio palikuwa na weusi usioletwa na homa. Mji uliambiwa ni malaria. Mwanvita akanyamaza, na miaka minne hakupata usingizi mzuri.

Ndipo walipokuja watu wa filamu kutoka Dar. Walipanga nyumba Mbegani, wakamwomba awaonyeshe namna ya kuosha. Hadithi yao ilikuwa ya mke aliyepigwa mpaka akafa. Aliyekuwa akiwapaka waigizaji rangi akauliza, "Bibi, alama tuziweke wapi?"

Mkono wa Mwanvita ndio uliokwenda: hapa, na hapa.

Filamu ilipotoka, mji ulichafuka. Ikaandikwa barua ya kutaka ipigwe marufuku, ikapitishwa nyumba kwa nyumba kutiwa saini. Imamu alisema maiti hafanywi tamasha, na Mwanvita aliona ana haki. Lakini aliyeileta barua mlangoni pake alikuwa Shamsudin, mjumbe wa kamati ya msikiti.

"Shikamoo, Bi Mwanvita."

"Marahaba, baba."

"Tia saini, bibi yangu. Wamemdhalilisha marehemu mke wangu."

Mwanvita akamtazama. "Mle ndani hamna Shufaa. Yule ana jina lake, na mume wake, na mji wake. Wako umemwona wapi?"

Shamsudin akaikunja barua, akaondoka bila kuaga. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajamwona mwongo mwenye heshima zake. Kufika Ijumaa, mji mzima ulijua kwamba Mwanvita anauza siri za wafu. Filamu ikapigwa marufuku. Yeye hakuitwa tena msibani, na kazi ikawa ya Lulu.

Mwezi wa Shaabani akafa Mwanahija, mke mpya wa Shamsudin, binti wa miaka ishirini na miwili. Ameteleza bafuni, walisema. Mwanvita alikwenda, akakaa mkekani, asisalimiwe na mtu. Maji yalikuwa yakimiminwa uani. Mara mmiminaji akatoka, kata mkononi, akaketi kizingitini.

"Mbona umetoka?" Mwanvita akamwuliza.

"Lulu kaniambia nitoke."

Mwanvita akainuka mkekani. Lulu alipotokeza, mikono imelowa, mwalimu wake alimshika kifundo cha mkono.

"Umeona nini, mwanangu?"

Lulu akatazama ukumbini, Shamsudin alikokuwa akipokea rambirambi, kisha akatazama chini.

"Ya maiti husitiriwa, Bi Mwanvita. Wewe ndiye uliyenifunza."

Akauchomoa mkono wake taratibu, akaenda kuomba pamba, kwani iliyokuwapo haikutosha.