Meli ya Vitunguu

Kwa miaka thelathini na moja Mama Pacha aliishi na mumewe bila kujua hasa mume huyo anafanya kazi gani. Alijua ni mpiga mbizi wa kikosi maalumu cha jeshi la majini, basi. Baba Pacha alikuwa akifunga begi, anaaga, "Naenda kazini," kisha anarudi baada ya wiki mbili, pua imebabuka na masikio yamejaa maji. Ukimuuliza alikuwa wapi, anajibu, "Baharini," utadhani bahari ni chumba cha pili.

Kugombana naye nako kulikuwa kazi bure. Mkewe akianza tu kulalamika, yeye huvuta pumzi, akaibana, akamkodolea macho. Dakika moja, mbili, tatu. Mama Pacha akaogopa ujane, akanyamaza.

Siku ya kumuaga Baba Pacha alipostaafu, bwalo lilifurika. Mkuu wa kikosi akasimama, akakohoa. "Mambo aliyoyatenda ndugu yetu huyu," akasema, "ni siri." Akaketi. Makofi yakapigwa. Mama Pacha, aliyevumilia viatu vipya vya kubana kwa ajili ya hotuba hiyo, nusura alie.

Ndipo akainuka mzee mmoja mwenye kitambi, aliyekuwa fundi wa mitungi ya hewa kikosini.

"Shemeji, alikwambia habari za ile meli?"

"Meli gani?"

"Fundi, kaa chini," Baba Pacha akanong'ona, jasho likimtiririka.

Fundi wapi! Akasimulia walivyopewa zoezi la kuiteka meli ya jeshi bila kuonekana. Alfajiri, Baba Pacha akaongoza watu sita, wakaogelea maili mbili, wakapanda kwa kamba, kimya kama paka, wakamzingira nahodha akipiga mswaki.

"Uko chini ya ulinzi!"

Nahodha akatema povu. "Mnanunua kwa jumla au rejareja?"

Ilikuwa meli ya vitunguu. Ile ya jeshi ilikuwa upande wa pili wa bandari, imejaa askari waliojificha wakiwasubiri mpaka saa saba mchana.

"Alaa!" Mama Pacha akaruka, kiatu kimoja kikabaki chini. "Lile gunia ulilokuja nalo nyumbani! Mwezi mzima hata mashuka yalinuka vitunguu, nawe ukaniambia ni zawadi ya jeshi!"

Bwalo zima likaangua kicheko. Mkuu wa kikosi alijikaza, akashindwa, akajifuta machozi kwa kofia.

"Kulikuwa na ukungu," akasema Baba Pacha kwa unyonge. Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya kijeshi mkewe kuisikia kinywani mwake.

Baada ya hapo ulimi ukafunguka. Asubuhi, mchana, jioni: namna ya kukausha vazi la mbizi, aina tatu za mafundo, siku tisa walizokaa wakilinda boya, na boya lenyewe lilikuwa na rangi gani. Alimfuata mkewe jikoni, akamfuata kwenye kamba ya nguo, akizungumza.

Siku ya nne Mama Pacha akaweka beseni chini.

"Mume wangu," akasema taratibu, "hayo mengine nchi ilikuwa na haki ya kuyaficha."