Furukombe Aliyenizoea

Nikiulizwa ni siku gani ya ujana wangu ninayoiona bado kama jana, mwanangu, sitaji kipaimara wala harusi. Nataja siku wavuvi wa Mbamba Bay walipomletea Bwana Salehe furukombe ndani ya gunia, nami nikasema mbele ya watu wote, "Mimi nitasaidia kumtunza."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na wakati nasubiri matokeo baba aliniruhusu niteremke kutoka kwetu Mpepai, huku juu kwenye kahawa, nikakae na shangazi ziwani. Bwana Salehe alikuwa jirani yake. Alikuwa bwana mifugo, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, na nyuma ya nyumba yake alitibu ndege wala nyama: mwewe, vipanga, hata bundi ambao wengine hawakutaka kuwatazama. Hakuna aliyemtuma. Aliwapenda tu.

Furukombe unamjua, yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe. Huyu alinasa kwenye wavu, bawa la kushoto likateguka. Bwana Salehe alimfunika kichwa kwa kanga kuukuu, naye akatulia palepale.

"Usiogope mdomo, binti," akaniambia. "Ogopa miguu. Hiyo ndiyo inayoua."

Akanigeuzia mguu mmoja. Chini ya vidole kulikuwa na vijiba vidogo vigumu, vinakwaruza kama msasa.

"Unadhani ni vya nini?"

Nikafikiri. "Samaki asimteleze?"

Alicheka, akafurahi kweli. Kuanzia hapo nikawa mtu wa maswali. Kwa nini kuna ngozi nyeupe inayopita juu ya jicho na kurudi? Anamwonaje samaki kutoka juu kabisa, wakati sisi tulio ndani ya mtumbwi tunaona mng'ao wa maji tu? Alilolijua alinijibu. Asilolijua alisema, "Hilo sijui. Tutazame." Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema hajui bila kuona aibu. Nikanunua daftari, nikawa naandika furukombe alichokula, alivyosimama, hata kinyesi chake.

Kibanda chake kilikuwa cha matete, kimefunikwa magunia pande zote. Masharti yalikuwa mawili. Samaki apitishwe kwenye mwanzi uliotobolewa, ndege asione mkono wa mtu. Na karibu na kibanda asizungumze mtu.

"Akishajua kwamba chakula kinatoka kwa watu, atawafuata watu," Bwana Salehe alinieleza. "Na si wote watakaompokea kama wewe."

Nilielewa, mwanangu. Nisikudanganye kwamba sikuelewa.

Wiki ya tano Bwana Salehe alisafiri kwenda upande wa Liparamba kuchanja ng'ombe. Siku ya kwanza nilifuata masharti. Siku ya pili niliinua pembe ya gunia, kidogo tu, nione anavyomshika samaki. Siku ya tatu nililiondoa gunia lote. Nilimpa samaki aina ya mbasa kwa mkono wangu, nikampigia mluzi. Siku ya nne, aliposikia mluzi, alirusha kichwa nyuma mpaka kikagusa mgongo, akalia ile sauti inayovuka ziwa. Alikuwa ananiitikia mimi! Sikuwahi kujisikia mkubwa kiasi kile. Hayo sikuyaandika kwenye daftari.

Bwana Salehe aliporudi alichungulia kibandani.

"Hajashtuka," akasema. "Ulimfungulia gunia?"

"Hapana, baba."

Akaniamini. Siku chache baadaye, bawa likiwa zima, tulimpeleka kwenye mwamba ulioingia majini, tukamwachia. Alizunguka mara mbili, akapotelea upande wa Liuli. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga pia, nikijua nilichoficha.

Hazikupita siku nne. Asubuhi, wanawake wakiwa wanaanika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye vichanja, furukombe alishuka katikati yao. Hakuogopa hata kidogo. Alitua kwenye kichanja cha Mama Tumaini, hatua mbili kutoka kwa mtoto wake aliyekuwa amekaa mchangani, akarusha kichwa nyuma akalia. Mama Tumaini aliona makucha, akamwona mtoto. Akachukua kasia akapiga. Mama gani asingepiga?

Nilifika mbio nikamkuta ufukweni, bawa limevunjika vipande na mfupa uko nje. Mama Tumaini alikuwa amemkumbatia mwanawe. "Alinijia, dada," alikuwa anarudia. "Alinijia kabisa!"

Bwana Salehe, aliyefika nyuma yangu, alimpapasa bawa lote, kisha akatikisa kichwa. Pale pale, mbele ya shangazi na wanawake wote, nikasema, "Ni mimi. Nilimfungulia gunia. Nilimlisha kwa mkono. Nilikudanganya."

Nilingoja kelele. Hakupaza sauti. Aliendelea kumshika ndege kichwa, ndipo akaniuliza, "Ulitaka kumjua, au ulitaka akujue wewe?"

Furukombe alikufa jioni ile, na mimi nikamchimbia shimo kwa jembe la shangazi. Siku iliyofuata nilimpelekea Mama Tumaini pole, maana naye nilimtia hofu isiyo yake.

Nilidhani sitaitwa tena. Lakini mwezi uliofuata aliletwa kipanga aliyejigonga kwenye waya, na Bwana Salehe akaja mwenyewe mlangoni. "Njoo na daftari lako," akasema. Basi. Nilimlisha kipanga yule wiki sita bila kumwonyesha hata kidole. Nilimtazama kupitia tundu dogo kama jicho la sindano, na kupitia tundu lile nikajifunza mengi kuliko niliyojifunza gunia likiwa chini. Tulipomwachia aliruka moja kwa moja kuelekea milimani, hakugeuka wala hakutafuta mtu. Nililia kwa furaha, watu wakanishangaa.

Sasa juzi umeniambia umejitolea kwenda kutunza tai na bundi waliojeruhiwa. Nenda, mwanangu. Uliza kila kitu, na usimdharau anayekuambia hajui. Ila utakapotamani ndege akufurahie, simama ujiulize tamaa hiyo ni kwa faida ya nani. Msaada wako uwe wa kumrudisha kwenye maisha yake, hata kama hatakukumbuka. Ukikosea, sema siku ileile, kwa sababu kosa langu lingeweza kurekebishwa kibandani, kabla hajaachiwa. Uongo wangu ndio uliolipeleka ufukweni.

Mungu akupe macho ya kuona na mikono mipole. Kila utakayemtibu aruke salama, nawe urudi nyumbani na mengi ya kutusimulia.