Siku Nilipomnong'oneza Keji na Kanisa Zima Likasikia

Mpaka leo nikipita Buluk, hapa Juba, kuna mama mmoja wa chai ambaye akiniona tu anaweka birika chini na kuniita, "Fundi Okello, usiende!" halafu anacheka mpaka anashika mbavu, na mimi nacheka naye, maana nitafanya nini, aibu yenyewe niliitafuta kwa mkono wangu na sina wa kumlaumu.

Mimi ni mtu wa Gulu, Uganda, nina kibanda cha kutengeneza redio na spika kule Sherikat, na Jumapili nakaa kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti, katika kanisa letu la mabati. Mwimbaji wetu wa mbele alikuwa Keji, binti wa hapahapa Juba aliyekulia ukimbizini Uganda, mwenye sauti ambayo hata sikuigusa. Vitufe vyake vyote vya ikwalaiza, vile vya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, niliviacha katikati, kama mtu anayekataa kutia chumvi chakula kilichokwisha kolea. Nilimpenda mwaka mzima na zaidi bila kumwambia. Mazungumzo yetu yote yalipitia kimaikrofoni kidogo nilichokiweka pembeni ya miksa, ambacho sauti yake niliipeleka kwa kitufe cha oksi hadi kwenye monita, yaani ile spika ndogo iliyo miguuni pake, asikie yeye peke yake. "Keji, sogea nyuma kidogo." "Keji, leo umeimba vizuri." Naye anatabasamu akiangalia chini, na mimi wiki nzima naishi kwa tabasamu hilo (msinicheke, mtu hula alichonacho).

Sasa Keji akapata kazi ya ukunga Malakal, mbali huko kaskazini. Ataondoka Jumanne kwa meli ya mtoni, na Jumapili hiyo kanisa lilikuwa linamuaga.

Asubuhi nikakuta laini namba tatu ya miksa, ile ya Pasta inayotoka kwenye spika kubwa, inakwaruza. Kuifungua na kuisafisha ni kazi ya dakika ishirini, na mimi siku hiyo sikuwa na moyo wa kazi, kwa hiyo nikabadilisha tu plagi: maikrofoni ya Pasta nikaihamishia namba kumi na mbili, ambayo ilikuwa yangu ya kunong'onea na huenda kwenye monita tu, na yangu nikaichomeka namba tatu. Nikajiambia nitakumbuka.

Keji akaimba wimbo wake wa mwisho. Nilikuwa nimevaa hedifoni nikimsikiliza yeye tu, mpaka pumzi yake kati ya mstari na mstari, nikiwaza kwamba Jumapili ijayo hapo patasimama mtu mwingine. Alipomaliza, Pasta akapanda kumwombea, na mkono wangu kwa mazoea ukasukuma namba tatu juu. Sauti ya Pasta ikanijia kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa (kumbe maikrofoni yake haitoi kitu kwenye spika kubwa, sauti yake naisikia tu ikipenya kwenye maikrofoni ya Keji aliyesimama karibu naye), nikaona labda haisikiki vizuri, nikaenda kwenye ikwalaiza ya namba tatu nikapunguza besi, nikaongeza sauti za kati, nikaongeza na za juu ili kila neno litoke safi. Nilikuwa natengeneza maikrofoni yangu mwenyewe, jamani, na niliitengeneza vizuri kuliko siku zote.

Pasta, mtu mwenye kifua kikubwa, alikwisha kata tamaa ya maikrofoni na alikuwa anaomba kwa sauti yake aliyopewa na Mungu. Watu wote wamefumba macho. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikainama nikanong'ona:

"Keji, usiende. Nakuomba. Mimi nakusikiliza hata wakati huimbi. Huyu Pasta akimaliza haya maombi yake yasiyoisha, ningoje pale nyuma nikwambie vizuri."

Maombi yakakatika. Nikainua kichwa nikakuta macho ya kanisa zima yananitazama, na ya watu wa barabarani waliochungulia mlangoni pia, yule mama wa chai akiwemo, kwa sababu spika moja tumeielekeza nje. Nikaruka kuizima maikrofoni yangu, na kichwani mwangu yangu ni namba kumi na mbili, nikashika oksi yake na kwa kiwewe nikaizungusha hadi mwisho, upande wa kuongeza! Maikrofoni ya Pasta, iliyokuwa inaning'inia mkononi mwake, ikaingia kwenye monita iliyo mbele yake, na mlio ukatoka, mlio wa kupasua meno, watoto wakaanza kulia, na mama mmoja mzee wa kanisa akasimama akapiga kelele, "Wewe! Zima hiyo kitu! Iko naua sisi!" Nikang'oa waya wa umeme. Mlio ukakatika.

Pasta akafuta jasho, akasema, "Maombi yangu iko ndefu, ni kweli. Amina." Watu wakaangua kicheko.

Baada ya ibada Keji akanifuata nikikunja waya, sikuweza kumtazama.

"Fundi, haya maneno uko nayo tangu lini?"

"Tangu Pasaka ya mwaka jana."

"Mimi nilikuwa nasimama pale kila Jumapili," akasema. "Kila Jumapili, Okello. Juzi nimetia saini ya kazi. Miaka miwili. Malesh." Na hiyo malesh, yaani pole kwa Kiarabu cha Juba, aliisema kama mtu anayejipa pole mwenyewe.

Jumanne nilikwenda bandarini. Injini zilikuwa zinanguruma, wapagazi wanapiga kelele, na mbele ya shangazi zake wawili nikamwambia yote tena kwa mdomo wangu mtupu, huku nikipaza sauti. Akanishika mkono. Akasema, "Nimesikia," akapanda.

Mtandao wa simu wa huko Malakal unakuja na kuondoka. Wiki nyingine nampata, nyingine nakaa na simu mkononi bure. Lakini nimejiapiza: neno la moyoni sitalipitisha tena kwenye waya hata kama waya ni wangu. Nitainuka nimwendee mtu mwenyewe ana kwa ana, na nitamwendea mapema.