Mpiga Solo Anayekiogopa Kidole Chake

Saa mbili kasorobo asubuhi, mlango wa chumba cha nyuma umekomewa kwa ndani. Mwanamume wa miaka arobaini na tisa ameketi kwenye kiti cha mbao, gitaa mapajani, macho yakiwa kwenye mkono wake wa kushoto. Anautazama kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemfahamu.

Hapigi wimbo. Anapiga uzi mmoja tu, ule wa tatu. Kabla ya kugusa sauti yoyote, anaiimba kwanza kwa chini, kisha kidole kinaifuata. Do. Kimya. Mi. Kimya. Re. Anaruka, anarudi nyuma, anasimama mahali ambapo sikio halikutarajia. Akikosea hafuti kosa lake, anaanzia hapo hapo.

Chumba cha mbele cherehani kinanguruma. Mkewe ni fundi wa nguo, na mteja wa kwanza amekwishafika.

"Fundi, gauni hili linanibana kwapani, halafu kiunoni linapwaya," mteja analalamika.

Nyuma ya mlango, gitaa linapanda kwenye "kwapani", linakaa kidogo, kisha linashuka polepole kwenye "linapwaya". Mteja anageuza shingo.

"Huyo ananicheka?"

"Usimjali, dada, yuko mazoezini," fundi anamjibu huku akitafuta mkasi. "Jana aliyapiga maneno ya muuza mkaa mpaka mtu wa watu akasahau bei."

Mteja anacheka. Mwenye gitaa hacheki. Amesimamisha mkono, anakitazama kidole cha pete, kile kilicho jirani na kidole cha mwisho. Kimetetemeka. Anasubiri kuona kitajikunja au kitatulia.

Leo kimetulia.

Wapenzi wa dansi humwita Mashine. Kwa miaka ishirini na miwili amepiga gitaa la solo katika bendi moja inayotumbuiza harusini na kwenye kumbi. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa kwa sababu hakuwahi kukosea. Wenzake husema ungemwamsha usingizini ukamtajia wimbo, vidole vingeanza kazi kabla macho hayajafunguka.

"Nilikuwa sifikirii kitu," anasema. "Mkono unaondoka wenyewe, mimi natazama watu wanavyocheza. Nilidhani huo ndio ufundi."

Gitaa alifundishwa na mjomba wake. Mjomba alimpa ngazi ya sauti saba, ile ya do, re, mi ambayo kila mwanafunzi huanza nayo, akamwonyesha pa kuweka vidole kwenye shingo ya gitaa, akamwamuru apande na kushuka, apande na kushuka, mpaka vidole viote sugu. Akamwongezea njia nyingine nne. Basi.

"Mjomba aliniambia ukizijua njia hizi tano hutapotea maisha yako yote," Mashine anakumbuka. "Ni kweli, sikupotea. Wala sikufika popote pengine. Kila solo niliyotunga, ukiichambua, ni njia zile zile nimezivika nguo tofauti."

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Taabu yake ilimkuta jukwaani, mwaka jana, kwenye harusi iliyokuwa imeanza vizuri kabisa.

Bendi ilikuwa katikati ya wimbo unaopendwa kuliko nyimbo zake zote. Kuna mahali solo inateremka kwa kasi kutoka juu hadi chini, na wachezaji wote hungoja hapo ili nao wateremke. Mashine aliianza kama alivyoianza mara zisizo na idadi. Katikati ya mteremko, kidole cha pete kikajikunja kikaingia kiganjani, kama kiwavi aliyeguswa na ujiti.

Hakikuuma.

"Kingeuma ningeelewa," anasema. "Ningesema nimeteguka, nimechoka. Lakini kilijikunja chenyewe, taratibu, na mimi nakiangalia. Nilikiambia moyoni, nyooka. Hakikunisikia."

Alimpa ishara mpiga saksafoni aingie, akawageuzia watu mgongo akijifanya anarekebisha amplifaya. Watu waliendelea kucheza. Bibi harusi hakugundua kitu.

Kesho yake alijaribu tena nyumbani. Mteremko ule ule, kidole kikajikunja. Akaweka gitaa chini, akashika kikombe, kidole kikawa kizima. Akafunga vifungo vya shati, kizima. Akamtungia mkewe uzi kwenye sindano, kizima kabisa. Akarudi kwenye gitaa, kikajikunja.

Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kidole kilikuwa kinachagua.

Kuanzia hapo akaingia katika maisha ya kujificha. Leo alisingizia nyuzi zimechakaa, kesho spika inakoroma, keshokutwa solo ni ndefu mno na watu wamechoka. Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, alikichezesha kidole chini ya shuka kuona kama kipo upande wake. Ukumbini alitembea na mkono mfukoni. Kodi ya nyumba na ada za watoto wao wawili zinategemea mikono ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa hana tena hakika na wake.

Nyumbani akaacha kumruhusu mkewe amshike mkono wa kushoto. Mke akavumilia wiki kadhaa, kisha akamkalisha kitako.

"Niambie tu jina lake," alimwambia.

"Jina la nani?"

"La huyo aliyekukataza nisikushike mkono."

Mashine anasema alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Akachukua gitaa, akapiga ule mteremko mbele yake. Mkewe akaona.

"Niliwahi kuogopa mengi kuhusu mume wangu," mke anasimulia, sindano mdomoni. "Pombe, wanawake, ajali za safari za bendi. Kidole sikukiweka kwenye hesabu. Nilimwambia, baba watoto, twende hospitali. Akaniuliza, wakisema hakiponi je? Nikamwambia, tutakuwa tumejua."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hata baada ya maneno hayo ilichukua miezi miwili kumfikisha mlangoni kwa daktari. Mara tatu alioga, akavaa, akaishia kituo cha basi.

Picha za mfupa hazikuonyesha kitu. Mishipa ilikuwa salama. Akapelekwa kwa daktari wa viungo, mwanamama mwenye sauti ya chini, ambaye alimtaka arudi na gitaa lake.

"Piga unachokijua," daktari alimwambia. Kidole kikajikunja.

"Sasa piga usichokijua."

"Daktari, nitapigaje nisichokijua?"

"Uzi mmoja tu. Sauti zozote, kwa mpangilio wowote ambao hujawahi kuupiga. Polepole."

Alianza kubahatisha kama mtoto. Kidole cha pete kikanyooka, kikafanya kazi yake, kikatulia. Mashine akapigwa na butwaa. Daktari akamweleza kwamba mkono hauna kasoro. Ni ile njia moja, iliyopitwa mara nyingi mno, ambayo ubongo umeanza kuichanganya.

"Sikumwahidi kitu," daktari anasema, kwa idhini ya mgonjwa wake. "Wapo wanaorudi kama zamani, wapo wasiorudi. Nilimwomba asikilazimishe kidole kwenye njia ile. Akijengee njia nyingine, bila hasira."

Katika maneno yote hayo, Mashine aliondoka na mawili tu: wapo wasiorudi.

Mazoezi yalianza vibaya. Mtu aliyezoea kuteremka ngazi ya sauti kwa kufumba na kufumbua aligundua kwamba, ukimwambia aianzie katikati, hajui yuko wapi. Ukimwambia aruke sauti moja moja, vidole vinakimbilia njia ya mjomba. Siku za mwanzo alivikamata njiani kama mama anayemzuia mtoto asivuke barabara.

Mkewe ndiye aliyeleta kopo la vifungo. Alichagua rangi saba, kila rangi ikawa sauti moja: chekundu do, cheupe re, na kuendelea. Anavichanganya, anavimwaga mezani, na mume anapiga kwa jinsi vilivyoanguka. Kilichoanguka chali kinapigwa kwa nguvu, kilichoanguka kifudifudi kinapigwa kwa upole. Kikidondoka chini ya meza, hapo ni kimya.

"Kuna siku vilidondoka vinne," mke anasema. "Nikamwambia, leo umepumzishwa."

Maneno ya wateja yalikuja baadaye. Alichoka na vifungo, akaanza kusikiliza yanayosemwa chumba cha mbele na kuyafuata kwa sauti zile zile saba: mtu anapopandisha, anapokokota, anapokata neno akikumbuka kitu. Hakuna mteja anayelalamika kwa ngazi iliyonyooka.

"Pale ndipo nilipoanza kusikia," anasema. "Miaka yote ile nilikuwa naona tu vidole vinakwenda."

Hofu haikuondoka. Kuna asubuhi kidole huanza kujikunja hata kwenye jambo jipya, na hapo ndipo huogopa zaidi, maana kama kitaharibu na huku, hakuna pengine pa kukimbilia. Siku hizo huweka gitaa chini, hutoka uani na kuosha vyombo, hata vikiwa safi.

"Sahani zetu zimebaki nyeupe," mkewe anasema. "Zilikuwa na maua."

Mwezi uliopita bendi iliitwa kwenye dansi la mchana. Mashine alipopanda jukwaani alimwona mbele kabisa mwanamume mwenye kofia ya kahawia, mpiga gitaa wa bendi nyingine, ameketi peke yake, hachezi wala hanywi. Minong'ono ilikuwa imemfikia mapema: kiongozi wa bendi anatafuta mtu. Kisha akasikia kwamba mpiga saksafoni anaumwa, hatakuja.

"Nilitazama mlango," anasema. "Nilipima kabisa, nikitoka sasa hivi, wangapi wataniona?"

Hakutoka. Wimbo ule ukaombwa, kama unavyoombwa siku zote. Solo ikafika. Alianza mteremko, na mahali pale pale akahisi kidole kinaanza safari yake ya kurudi kiganjani. Hapakuwa na saksafoni. Mwenye kofia ya kahawia alikuwa ameinama mbele.

Mashine akaiacha njia. Akahamia uzi wa tatu, na kitu cha kwanza kilichomjia ni malalamiko ya mteja mmoja aliyekuwa amecheleweshewa nguo za kipaimara. Akayapiga.

Mpiga besi, mwanamke ambaye wenzake humwita Taratibu, alimgeukia.

"Nilijua wimbo umetuponyoka," Taratibu anasema. "Nikaangalia uso wake. Kaka yangu alikuwa na uso wa mtu anayevuka mto. Nikamfuata, ningemwacha vipi?"

Ukumbini watu walipotea hatua. Baadhi walisimama. Mzee mmoja mwenye viatu vyeupe, ambaye hakosi dansi lolote la bendi hiyo, alibaki mguu mmoja hewani akingoja mteremko aliouzoea. Haukuja. Mwishowe akautua mguu pengine, akajaribu na mwingine, akaendelea.

Haukuwa ushindi. Kuelekea mwisho kidole kilijikunja hata hivyo, na Mashine akamalizia na vitatu vilivyobaki. Makofi yalikuwa ya watu ambao hawajaamua. Kiongozi wa bendi, mwimbaji mwenye mvi ambaye vijana na wazee humwita Mkuu, alisema neno moja tu wakati wa kukunja nyaya.

"Jumatatu njoo tuongee."

Siku mbili Mashine hakula chakula cha maana. Jumatatu alipiga moyo konde, akaenda. Mkuu alikuwa stoo, ameketi juu ya spika mbovu, akimenya chungwa. Mashine hakungoja kuulizwa. Alisema yote: harusi, kidole, hospitali, visingizio. Mkuu aliendelea kumenya mpaka chungwa likabaki jeupe.

"Niliona tangu harusi ile," alisema.

"Mbona hukuniuliza, Mkuu?"

"Niliogopa usije ukaniambia ndiyo."

Lakini minong'ono nayo ilikuwa ya kweli. Mwenye kofia ya kahawia anajiunga na bendi. Mkuu alimweleza bila kuzunguka: nyimbo za zamani watu wanazilipia jinsi wanavyozijua, na solo zake zitapigwa na mgeni. Mashine atabaki kwa nyimbo mpya, nusu mwaka kwanza, kisha watatazama.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Hakukasirika, anasema, ila alijisikia kama mtu anayetazama nguo zake zikivaliwa na mwingine ilhali bado yu hai. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Huyo mwenye kofia anazijua njia za mjomba?"

"Anazijua zote."

"Basi mwonee huruma," mke akasema, akarudi kwenye cherehani.

Hadi makala haya yanaandikwa, Mashine ametunga wimbo mmoja. Solo yake haina mteremko, wala hairudiwi sawasawa mara mbili. Amekubaliana na Taratibu kwamba mmoja akigeuka, mwingine atageuka naye. Alhamisi ijayo bendi nzima itaufanyia mazoezi kwa mara ya kwanza, na ameomba aufungue peke yake kabla ngoma hazijaingia. Mgeni atakuwepo, akipiga gitaa la kuitikia.

Anataka pia wapiga gitaa wengine wenye tatizo kama lake walijue hili mapema, wasikae mwaka mzima na mkono mfukoni. Wawili wameshamtafuta kimyakimya. Mmoja alikuja amevaa glavu.

Je, anaogopa?

"Naogopa sana," anasema, na hauondoi mkono kwenye nyuzi. "Ila mwaka mzima nilikuwa namwogopa huyu," anakigusa kidole cha pete kwa gumba. "Wiki hii naogopa kama watu wataupenda wimbo. Hiyo ni hofu ya mpiga gitaa. Hiyo naiweza."